Daftari Jeupe

Nilipanda kutoka mwaloni na harufu yangu ya dagaa.
Sikunawa. Nilitaka mwalimu aivute,
ajue ada yake inatoka wapi.
Mkononi, daftari la Limi: kurasa arobaini na nane,
nyeupe kama meno ya mbwa mchanga.
Wiki ya sita. Hata "a" hakuna.

Mtoto wa jirani yangu Ng'wasi anasoma kule kwenye geti la bluu.
Anaandika moja hadi hamsini. Analala na penseli,
analia usingizini.
"Hiyo ndiyo shule," Ng'wasi husema.

Njia nzima nimekariri, mawe ya Igombe yananisikia:
Mwalimu Mbuke, nirudishie changu.
Kucheza hata kwangu kupo, tena bure.

Nikamkuta amepiga magoti mchangani,
khanga kichwani. Ni kiboko.
Kiboko mwenye miwani.
Watoto wanavuka mbele yake juu ya gogo,
kila anayevuka ataje amebeba samaki wangapi,
na akikosea, kiboko hapigi.
(Mimi kiboko ninachokijua ni kile cha ngozi.)
Huyu hupiga chafya,
wote wanaanguka, wanagaragara,
wanarudi mwanzo, wanataka kukosea tena.

Pembeni kavulana kanatembea mikono nyuma,
shingo mbele, taratibu, kama korongo wa jalalani
au kama afisa ushuru wetu. Sikujua ni yupi.
Nikacheka.
Hasira ukiichekea mara moja
haisimami vizuri tena.

Nikavutwa sketi. "Mama, foleni!"
Duka: mbao mbili, visoda, magamba ya konokono.
Muuzaji ana miaka mitano, kamasi, na ukali.
Nikanunua sado la mchanga. "Visoda vinne."
Nikatoa vitano.
Akaviangalia, akaniangalia,
akanirudishia kimoja
kama mtu anayemsamehe mgeni.

Hapo darasa la kwanza likanirudia.
Dawati la nne, ubao, fimbo ya mpera:
tatu jumlisha nne.
Nilijua. Naapa nilijua,
jibu lilikuwa limefika kwenye meno,
fimbo ikainuka, na jibu likageuka,
likateremka miguuni, la moto,
likafanya kidimbwi sakafuni, mbele ya wote.
Miaka ishirini na sita nahesabu ndoo
kwa vidole, chini ya khanga,
na kila nikifika saba natazama chini.

"Ulikuwa na neno, mama Limi?"
Kiboko amesimama, anakung'uta magoti.
Nikasema nimeleta daftari, alilisahau.

Jioni, juu ya jabali, nageuza dagaa mara ya mwisho.
Limi amechimba kishimo, anacheza mdako.
Kokoto juu, kiganja chini, daka.
Nikamuuliza kwa sauti ndogo, kama ninayeulizia deni:
saba ni nini?
Hakuinua macho.
"Saba ni zile zisizoenea.
Sita zinaenea. Ukizoa saba,
moja lazima itoroke."
Akanionyesha. Ikatoroka kweli,
akaifukuza katikati ya dagaa wangu, sikumgombeza.
"Sasa wewe. Wewe una mkono mkubwa."

Nikafuta magamba. Nikarusha.
Nikazoa, nikadaka.
Zote saba. Zinagongana ndani ya ngumi
kama meno ya mtu anayecheka kwa baridi,
na mimi nimezishika tu,
Limi ananiambia zirudishe, mama, zirudishe, ni zamu yangu,
na bado nimezishika.

Daftari lingali jeupe.
Ukurasa wa mwisho pekee nimeuiba:
nimeandika ndoo za leo, kwa tarakimu, mkono wazi.
Kumi na saba.
Ile saba imelala upande kidogo.
Iache hivyo.